Moshi katika Chumba cha Nyuma

...na nisisogee, ndivyo alivyosema, nishike tu hapa, kona ya ukuta inapoanzia, tiens ça, mademoiselle, akaniachia pete ya chuma iliyo mwisho wa utepe wake wa kupimia, nami nimeibana kwa kidole gumba juu ya udongo, bado naibana, yeye anarudi kinyumenyume na kiboksi cha ngozi mkononi, utepe unajifungua kati yetu, mweupe na namba zake nyeusi, na nyuma ya mgongo wangu chumba kinatoa moshi. Mlangoni, dirishani, chini ya mabati, popote penye upenyo unatoka, mzito, wa kuni ambazo hazijakauka, na yeye, ajenti wa ofisi ya mji, ameuona, nani asingeuona, lakini bado hajauliza, ni kijana wa Kibelgiji mwenye shingo iliyoungua jua, anapima kwanza, kila kitu kwa zamu yake, siku nyingine ningempenda kwa utaratibu huo... leo naomba apime polepole, apime mpaka kuni ziishe, maana akimaliza atauliza, na Mama atajibu, na jibu la Mama nalijua, tumelisema sote katika nyumba hii tangu sijaanza shule, iko jikoni tu, bwana. Na si jikoni. Ni chumba cha nyuma, aneksi kama watu wa Cimpunda, mtaa wetu, wanavyosema, chumba kimoja cha matofali mabichi ambacho Papa alikijenga nyuma ya nyumba yetu bila kuomba ruhusa ofisini, kwa sababu walioomba walinyimwa, na mtu aliyenyimwa akijenga amevunja amri, lakini asiyeomba hajanyimwa kitu, ndivyo Papa alivyokuwa anasema kwa sauti yake ya chini, Papa ni mwashi, anawajengea wazungu nyumba kule kando ya ziwa na akirudi jioni mikono yake inakuwa bado inataka kujenga. Jikoni kila mtu aliruhusiwa kuwa nalo bila karatasi yoyote. Basi chumba kikaitwa jikoni. Watu wa ofisi wakionekana wanapanda kilima, mwanamke wa kwanza kuwaona anagonga kifuniko cha sufuria, wa pili anagonga, wa tatu anagonga, mlio unapanda kutoka parsele hadi parsele, kiwanja hadi kiwanja, na kabla kofia ya ajenti haijatokea kwenye kona yetu kitanda kimeshavushwa juu ya ua kwenda kwa jirani, Maman Apolline, na mikeka, na nguo, na mtoto kama yuko mtoto, mafiga matatu yamewekwa katikati ya sakafu, moto umewashwa, na mtu anayelala humo amegeuka mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Tulikuwa wepesi, hilo lazima nilikumbuke vizuri, tulikuwa wepesi kuliko parsele zote za mtaa huu, na Mama ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote.

Lakini leo hawakuja kubomoa! Leo wamekuja kukiandika. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, chef wa mtaa alisimama kwenye ngazi za kanisa akasoma amri mpya, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Mashi, taratibu, na nilisikiliza zote mbili ili nione kama zinasema jambo moja, zilisema jambo moja, kwamba kila aneksi iliyokwisha kujengwa na ambayo watu wanalala ndani yake, kama kuta zimesimama sawa na dirisha liko, itapimwa, itapewa namba, na wanaolala humo watapata karatasi ya kukaa katika cité, mji wa Waafrika, na kwamba jikoni litaandikwa jikoni, stoo itaandikwa stoo, na kuanzia hapo atakayekutwa analala jikoni atarudishwa kwao. Watu hawakupiga kelele. Walisimama pale na nguo zao za Jumapili wakawa wanaangaliana, kama mtu aliyebeba mzigo njia ndefu halafu anaambiwa tua, anauliza nitue wapi. Eulalie alilia. Eulalie ndiye anayelala katika chumba chetu sasa, yeye na mume wake Isidore na binti yao anayeanza kutambaa, ni watu wa kabila la Barega kutoka Mwenga, Isidore ni msaidizi wa lori, leo yuko njiani na mchele wa Luberizi, labda sasa hivi yuko Kamanyola amekaa juu ya magunia na hajui kitu, na kodi wanayotulipa ni ile ambayo mtu anailipa na bado anakula, kwa sababu Papa anasema chumba kile hakikujengwa kwa ajili ya kodi, na kama wakitoka hapa hakuna mahali pengine Bukavu watakapoingia kwa mshahara wa msaidizi wa lori, ni lori moja tu watakalopanda, la kwenda Mwenga. Haya yote tuliyajua. Papa aliyaeleza mezani Jumapili, akayarudia Jumatatu, Mama akaitika, nimesikia, Baba Séraphine, nimesikia, masikio ninayo. Na asubuhi hii, saa tatu, sufuria ya kwanza ikalia huko chini.

Nani aliigonga sijui. Mtu aliyezoea. Nilikuwa ndani natia wanga kola ya Papa, ni likizo kubwa, shuleni kwa masista hakuna watoto wa kufundisha, nikasikia mlio, na nitasema kweli angalau kichwani mwangu, sikufikiri amri, sikufikiri Jumapili, nilisimama nikaenda nyuma nikachukua mto wa Eulalie nikamrushia Maman Apolline juu ya ua, na Eulalie mwenyewe alikuwa ameshapita na mtoto, na kitanda kilikuwa kimeshapita, na Mama alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, mashavu yamejaa, na ni hapo tu, nikiwa na mkeka mkononi, ndipo nilipokumbuka. Nikasema Mama. Akageuka. Nikaona kwenye uso wake kwamba naye amekumbuka wakati huo huo. Mikono yake ilikuwa imesikia sufuria kabla yake. Na tayari kofia ilikuwa kwenye kona, na karani nyuma yake, na Papa anawasalimu kwa sauti ya kanisani, na kuzima kuni mbichi kwa maji ni kuongeza moshi mara mbili, tuliwahi kujaribu.

Ajenti ameita namba, karani ameiandika. Karani ni kijana wa Kabare, Raphaël, alijitambulisha vizuri alipoingia, macho yake ni mekundu, na sasa naelewa kwa nini, nikiinua uso naona, kilima chote kinafuka. Kila parsele. Saa tatu asubuhi, saa ambayo watu wamekwisha kunywa uji na hakuna anayefikiria chakula, na Cimpunda yote inapika kama sikukuu ya Mtakatifu Petro, nyuzi za moshi zimesimama juu ya mabati mpaka kule juu, watu wote wa mtaa wamefanya kosa letu, na kicheko kinanipanda mahali pabaya, chini ya koo, nakimeza. Raphaël anamsogelea Mama na kumuuliza kwa upole, kwa sauti ambayo ajenti hataifuata.

“Maman, leo kilima nzima munapika nini?”

“Maharagi.”

“Kila nyumba maharagi?”

“Maharagi inakawiaka kuiva, mutoto wangu. Lazima mutu aanze mapema.”

Na hakucheka, Mama, anaangalia moto wake kama mtu anayeangalia ng'ombe wa mwenziwe amekula shamba. Simlaumu. Siwezi kumsahihisha mbele ya mgeni, mtoto wa kike hasemi juu ya neno la mama yake mbele ya watu, hata kama amesoma, hasa kama amesoma, wangesema ndiyo hiyo shule ya masista, na Papa naye amesimama pale, kofia kichwani, mikono nyuma, haangalii chumba, anaangalia ukuta, najua anachoangalia, ukuta huu wa upande wa njia una tumbo, umevimba kidogo katikati, alikuwa anajenga jioni jioni kwa siri na bila taa, na yeye ambaye kuta zake kule chini huwezi kupitisha wembe kati yake na kamba ya mwashi, hapa ana ukuta wenye tumbo na mzungu anaupima. Sogea kidogo, mademoiselle. Nasogea, kona ya pili, huu ndio upande mrefu, upande wa tonton Xavier. Ndivyo ninavyouita peke yangu. Tonton Xavier, mdogo wake Papa, alikuja kutoka Walungu kutafuta kazi mji huu wa Bukavu ukiwa bado unaitwa Costermansville, akalala saloni, sebuleni kwetu, kati ya viti, miguu yake ilikuwa inafika mlangoni, alikuwa mrefu kuliko watu wote wa kwetu, na jioni moja Papa akamwambia toka nje, lala hapa chini, nyosha miguu, vizuri, akachukua kijiti akachora mstari kumzunguka, akaacha nafasi ya sanduku na nafasi ya mtu kusimama na kuvaa suruali, na mstari huo ndio ramani ya chumba hiki, ukuta huu ni tonton aliyelala. Nilikuwa pale. Niliona vumbi kwenye nywele zake aliposimama. Binamu zangu wanasema Papa alipima kwa miguu, si kweli, Papa alimpima tonton. Alikaa humo mpaka alipopata kazi na mke na nyumba ya namba, akatoka, na watu wengine wanaobaki na chumba kitupu hivyo wanakipangisha kwa bei, Papa akaweka kufuli akasubiri, nikamuuliza unasubiri nini, akasema atakayekuja.

Akaja nyanya. Mama yake Papa, nyanya Cibalonza, kifua kikiwa kimeshaharibika, mvua za mwisho wa mwaka, alishushwa kwenye lori kama furushi, akaingia saloni akaangalia, akasalimu, akauliza mimi nalala wapi, kwa sababu kwetu mama halali chini ya bati moja na mwanawe aliyeoa, hata kama anakufa, zaidi kama anakufa, na Papa akamfungulia chumba cha nyuma. Akakipenda. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai, nilikuwa likizo kutoka shuleni, na aliniambia Séraphine, hapa mvua naisikia vizuri, kule kwenu ninyi mnasikia redio tu. Sufuria zikigongwa alikuwa anakataa kuvuka ua, mzee wa miaka ile atavukaje ua, basi alikuwa anakaa kando ya mafiga, mwiko mkononi, mpishi, na mara moja ajenti mwingine, mzee, alimuuliza anapika nini, akamjibu kwa Mashi maneno ambayo karani wa siku hizo hakuthubutu kuyatafsiri. Halafu akafa. Alfajiri, mvua ikinyesha. Na hapa ndipo mahali ambapo kumbukumbu yangu na kumbukumbu ya familia zinaachana njia, kwa sababu padri aliitwa, na wazee wa ukoo walikuwa njiani, na ofisi ingeuliza mtu amefia wapi, nani anaweza kusema mama yangu amefia jikoni, basi Papa na tonton walimbeba katika mkeka wake wakavuka uwanja katika mvua wakamlaza saloni chini ya msalaba, Mama akampanguza matone usoni, wakawasha mishumaa, na tangu siku hiyo nyanya Cibalonza alifia saloni. Kila mwaka, misa ya kumwombea ikiisha, watu wakikaa kwenye viti vile, mtu anasema alifia pale, na kidole kinaonyesha. Wananiuliza mimi tarehe, jina la padri, nani alikuwepo, mimi ndiye ninayekumbuka, nawapa yote sawasawa, mpaka jina la dereva wa lori. Mahali sijawahi kuulizwa. Nilikuwa nafikiri kutunza kumbukumbu ni kutokosea tarehe.

Kona ya tatu. Utepe umelegea, anasema vuta, navuta. Kutoka ng'ambo ya ua namsikia binti wa Eulalie analalamika, na Eulalie anamnyamazisha kwa wimbo wa kwao, bila maneno, na Maman Apolline anamwambia kwa kunong'ona ambako mtaa mzima unakusikia kwamba afadhali angebaki, mjinga gani anahama siku ya kuandikwa, na Eulalie anasema mimi niliona Maman Rosalie, ndivyo anavyomwita Mama, anawasha moto, nikajua mambo yamegeuka tena. Mambo yamegeuka tena. Ndivyo mtu anavyofikiri akiwa amekaa kwa watu, haulizi, anabeba mtoto wake. Alizaa humo. Mama ndiye aliyempokea mtoto, na Mama akasema baadaye, akinawa mikono, chumba hiki sasa kimefanya kazi zote... Mama, aliyesema hivyo kwa mdomo wake, dakika hii ataambiwa sema, na atasema jikoni, si kwa ubaya, kwa sababu neno hilo ndilo limetulinda, limemlinda tonton, limemlinda nyanya na mwiko wake, neno zuri, tuliliweka mlangoni kama mbwa, na leo mbwa hajui nani ni mgeni.

Amemaliza. Anazungusha mkono wa kiboksi kidogo, halafu anaacha, ameona upande mmoja bado haujapimwa, ule wa dirisha, ananiambia kaa hapo hapo, nabaki na pete yangu, na kwanza anapangusa jicho, anakohoa, anamgeukia Mama, hana hasira, ana kiu ya kujua tu.

“Hii iko jikoni ao iko nyumba ya batu?”

Papa anamwangalia Mama. Mama anaangalia moto. Ninaona mdomo wake unaanza, najua umbo la neno hilo kwenye mdomo wake, na mimi ambaye masista waliandika mwaka baada ya mwaka kwamba sisemi vya kutosha darasani, namsikia mtu anasema, na mtu huyo ameshika pete yangu ya chuma.

“Ni nyumba, bwana. Tonton yangu Xavier alilala humu akitafuta kazi. Nyanya yangu Cibalonza alilala humu, na alifia humu. Sasa analala Eulalie, na bwana yake Isidore, na mutoto yao.”

Maharage ambayo hayapo hayatokoti. Simwangalii Mama. Namwangalia Papa, kwa sababu ni mama yake niliyemtoa saloni mbele ya mzungu na karani na Maman Apolline aliyepanda juu ya ndoo, na Papa, ambaye hajaivua kofia tangu hawa watu waingie, anaivua. Si kwa ajenti, ajenti yuko upande mwingine. Anaishika tumboni kwa mikono miwili na anatazama mlango wa chumba, moshi unampita, na uso wake si wa mtu aliyeaibishwa, ni uso aliokuwa nao anapoweka tofali la mwisho, akirudi hatua moja nyuma kuangalia.

“Na moto?” anauliza ajenti.

“Moto ni wa woga, bwana,” namjibu.

Raphaël anatafsiri, nasikia anavyotafsiri, c'est un feu de peur, hakuongeza kitu wala hakupunguza, ni karani mzuri, na ajenti anageuza kichwa polepole kuelekea kilima, anaangalia nyuzi zote zile za moshi mpaka kule juu, moja moja, nadhani ni sasa tu anaelewa alikuwa anaona nini siku zote alipopanda hapa, na shingo yake iliyoungua inazidi kuwa nyekundu. Anasema kitu kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa. Halafu, kwa Kiswahili chake, ananiambia kwamba yeye anaandika walio hai tu, mademoiselle, wafu hapana. Namjibu ndiyo, bwana. Raphaël ameinamisha kichwa anaandika, nyumba, namwona mkono, na haachi kuandika mapema kama mtu aliyeandika wale watatu walio hai tu, lakini sitauliza, kila mtu na kazi yake. Dirisha ni dogo, anasema ajenti, lakini ni dirisha. Ukuta wa njia una... anatafuta neno, anachora tumbo hewani. Papa anasema nitaunyosha, bwana, sasa nitaunyosha mchana. Na Mama, ambaye nilikuwa namngoja kama mtu anayengoja kofi, anashika kiuno, anasimama kutoka kwenye magoti, na anasema kwa watu wote, kwa hasira yake ya kila siku ambayo mimi naijua ni furaha.

“Basi mutu aje anitolee hii kuni. Nani mwenye akili anawashaka moto mu chumba ya kulala?”

Karani anacheka kwanza, halafu Maman Apolline juu ya ndoo yake, halafu siwezi kusema nani, na ajenti anangoja wamalize, ana upande mmoja bado, ananifanyia ishara, tenez bon, na mimi nashika, pete imeacha alama kwenye kidole gumba, moshi bado ni ule ule, dakika ni ile ile, ajenti hajamaliza hata kuizunguka nyumba, na najisikia kama nimekaa mahali pangu. Nyanya yuko mahali pake. Mwaka huu misa ikiisha nitawaambia, nitawatoa saloni wote, na viti, tukae huku nyuma, kama Eulalie ataturuhusu, itabidi tumwombe, ni kwake... na yeye ndiye anayeita sasa, kutoka ng'ambo ya ua, kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo sote tuliitumia tukisema habari za chumba hiki.

“Da Séraphine... sasa naweza kuweka rido ku dirisha?”

Miaka yote hakuna aliyewahi kuweka rido, pazia la dirisha, jikoni halina rido. Utepe unapita mbele ya dirisha lenyewe, ajenti amepiga goti anasoma namba, nasema ndiyo, Eulalie, weka, weka ile ya maua, na sauti yangu inatoka kubwa, wanawake wanaopita njiani na ndoo zao wanageuka kuona ni nani, na siishushi.